Kuona na Kupakua: Usomaji wa Hati Ndani ya Kivinjari Katika Mtaa wa Shauri Moyo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo siku hizi hufanywa na watu wengi mijini bila ya kufikiriwa sana, nalo ni kufungua na kusoma hati ndani ya kivinjari cha kompyuta au cha simu. Tutajitahidi kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni namna kivinjari kinavyoipokea hati na kuionyesha. La pili ni namna maneno tuyatumiayo, hasa vitenzi kuona, kufungua na kupakua, yanavyotusaidia kulifahamu tendo hilo, na mahali yanapotupoteza. Hoja yetu kwa ufupi ni kwamba aghalabu hakuna kuona bila kupakua. Na kwamba mtu asiyelitambua hilo huweza kupata hasara ya fedha, ya siri zake, au hata ya haki yake.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na taaluma ya lugha. Jibu ni kwamba watumiaji wengi wa mitambo hii hawaifahamu kwa kuifungua na kutazama ndani yake. Huifahamu kwa maneno waliyopewa. Neno likiwa limechaguliwa vyema, huwa ni mwongozo. Likiwa na kivuli cha maana nyingine, mtumiaji hukifuata kivuli hicho. Kwa hiyo uchunguzi wa istilahi hapa si pambo la kitaaluma, bali ni sehemu ya maelezo yenyewe.

Tumeuchagua mtaa wa Shauri Moyo ili maelezo yawe na mahali pa kusimama. Huu ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Eastlands, mjini Nairobi. Ulijengwa na halmashauri ya mji mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa watu waliohamishwa kutoka kijiji cha Pangani kilipobomolewa. Jirani yake ni Soko la Burma, soko la mitumba la Gikomba, na uwanja wa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, ambako masufuria, majiko na masanduku ya bati ya wanafunzi hufuliwa tangu asubuhi hadi jioni. Watu wa mtaa kama huu hawana budi kuwa na hati: fundi huhitaji cheti cha PIN cha Mamlaka ya Mapato, kijana atafutaye kazi huhitaji cheti cha tabia njema, mzazi huhitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tangu serikali ya Kenya ilipoanzisha huduma za eCitizen mwaka 2014, na Mamlaka ya Mapato ilipouleta mfumo wake wa iTax miaka hiyohiyo, hati nyingi za namna hii huombwa kwa mtandao, na nyingine hutolewa humohumo zikiwa mafaili ya PDF. Hivyo kabla hati haijashikwa mkononi, huonekana kwanza ndani ya kivinjari.

2. Maneno yenyewe

Tuanze na neno hati. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni mstari na mwandiko. Katika Kiswahili limeihifadhi maana hiyo ya mwandiko, ndiyo maana twasema kwamba tenzi za kale ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu; lakini pia limepata maana ya andiko lenye nguvu ya kisheria, kama vile hati ya kumiliki ardhi. Neno jingine litumiwalo ni waraka, nalo pia latoka Kiarabu, likiwa na maana ya jani au karatasi. Kwa hiyo maneno yetu mawili makuu yana mkono na karatasi ndani yake. Katika kivinjari hakuna mkono wala karatasi. Kuna mfululizo wa tarakimu ambao programu huufasiri na kuuchora upya kila mara mtu anapotaka kusoma. Ni vyema tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia tutakapozungumzia ukweli wa hati.

Neno la pili ni kivinjari. Limeundwa kutokana na kitenzi vinjari, ambacho maana yake ya kawaida ni kwenda huku na huko kwa kuangalia na kupeleleza, hasa kwa chombo cha baharini. Wako pia watumiao kisakuzi, kutokana na kitenzi sakua, yaani kutafutatafuta. Maneno yote mawili ni mazuri kwa ufupi wake, na yote mawili yamejengwa kwa kanuni za kawaida za uundaji wa maneno katika Kiswahili. Lakini tutazame picha wanayoileta. Mwenye kuvinjari hupita pwani akitazama bandari kwa mbali, hachukui kitu. Hutazama tu, kisha huenda zake. Mtu akilichukua neno hili kwa uzito wake, atadhani kwamba kivinjari nacho hupita tu mbele ya hati na kuitazama ilipo, nayo ikabaki ilipo.

Neno la tatu ni pakua, pamoja na ndugu yake pakia. Hapa tuna picha mbili. Ya kwanza ni ya bandarini: mizigo hupakiwa chomboni na kupakuliwa inapofika. Ya pili ni ya jikoni: chakula hupakuliwa kutoka katika sufuria na kutiwa sahanini. Picha zote mbili zinafahamika mno kwa msemaji wa Kiswahili, na ndiyo sababu istilahi hii imekubalika upesi, ikatumiwa katika programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo ina kasoro moja. Chakula kikipakuliwa, sufuria hupungua. Shehena ikipakuliwa, jahazi huwa tupu. Faili likipakuliwa, la asili halipungui hata chembe. Kinachofika kwa mpokeaji ni nakala. Wazo la nakala, ambalo ndilo kiini cha shughuli yote, halimo katika kitenzi pakua.

Katika mazungumzo ya kila siku ya Eastlands, aghalabu watu hawatumii istilahi hizi. Husema kudaunilodi, kuskani na kuprinti, wakiviambisha vitenzi hivyo vya mkopo kama vitenzi vingine vyovyote: niskanie, imeprintiwa, usidaunilodi. Kwa upande wa sarufi hakuna la ajabu hapo. Kwa upande wa maana, kitenzi cha mkopo hakina kumbukumbu ya sufuria wala ya jahazi, na kwa hiyo msemaji hulazimika kukijaza maana kutokana na ayaonayo kwenye kiwambo. Ayaonayo ni haya: faili likionekana chini au juu ya dirisha likiwa na jina lake, "imedaunilodiwa", hati ikifunguka na kusomeka mbele yake, "anaiona tu". Basi tofauti hii ina ukweli gani?

3. Jinsi kivinjari kinavyoionyesha hati

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza turudi nyuma kidogo. Kivinjari cha kwanza kilitungwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Kivinjari cha Mosaic, kilichowavuta watu wengi kwenye wavuti, kilitoka mwaka 1993. Mwaka huohuo kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa muundo wa hati uitwao PDF. Ingawa ni vya mwaka mmoja, vitu hivi viwili vilikuwa na makusudio tofauti. Ukurasa wa wavuti hujipanga upya kufuatana na upana wa kiwambo. Mistari hukatika mahali pengine mtu akibadili simu kwa kompyuta. PDF ilikusudiwa kufanya kinyume chake: ukurasa ubaki kama ulivyopangwa na mchapishaji, kila herufi mahali pake, popote utakapofunguliwa. Mwaka 2008 muundo huu ulifanywa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000.

Kwa miaka mingi vivinjari havikuweza kuisoma PDF kwa vyenyewe. Ilibidi mtu aweke programu ya kiambatisho, nayo ilikuwa nzito na mara nyingi ilikuwa mlango wa virusi. Hali ilibadilika Chrome ilipopewa kisomaji chake cha ndani mwaka 2010, na Firefox ilipofuata kwa toleo lake la 19 mwezi Februari 2013, kwa kisomaji cha Mozilla kiitwacho PDF.js, ambacho huuchora ukurasa wa PDF kwa zana zilezile zinazochora kurasa za wavuti. Tangu hapo mtumiaji wa kompyuta hahitaji tena kujua kwamba amevuka kutoka ukurasa wa wavuti kuingia katika hati. Vyote viwili huonekana katika dirisha moja.

Sasa tulitazame tendo lenyewe. Mtu anapobonyeza kiungo, kivinjari hupeleka ombi kwa seva, yaani kompyuta inayotunza hati. Seva hujibu kwa kutanguliza maelezo mafupi, mfano wa karatasi inayoambatana na mzigo. Maelezo hayo hutaja aina ya kitu kinacholetwa, ukubwa wake, na aghalabu namna kinavyotakiwa kupokewa: ama kionyeshwe papo hapo dirishani, ama kiwekwe kando kiwe faili. Baada ya maelezo hayo hufuata hati yenyewe. Msomaji atambue kwamba katika hali zote mbili kinachosafiri ni kilekile. Hati ya ukubwa wa megabaiti 5 itasafiri megabaiti 5 ikiwa itaonyeshwa, na megabaiti 5 ikiwa itahifadhiwa. Tofauti haimo katika safari; imo katika mahali mzigo unapotuliwa baada ya kufika. Ukionyeshwa, huwekwa katika kumbukumbu ya kompyuta, na mara nyingi pia katika hifadhi ya muda ya kivinjari. Ukipakuliwa kwa maana izoeleweyo, huwekwa katika folda na kupewa jina.

Kwa hiyo yule asemaye "naiona tu" amekwisha kuletewa nakala. Kilichobaki ni kujua nakala hiyo itakaa kwa muda gani na ni nani mwingine awezaye kuifikia.

Jambo moja laweza kuonekana kuikanusha kauli hii. Faili la PDF halisomwi kama kitabu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwanzoni mwake huwa na alama fupi ya kujitambulisha, lakini fahirisi inayoonyesha kila kitu kilipo kwa kawaida huwa mwishoni. Kivinjari huanza kwa kuitafuta fahirisi hiyo. Ikiwa seva inaruhusu kuombwa vipande, kivinjari huweza kuleta kurasa chache za mwanzo na kumwonyesha msomaji kabla ya nyingine kufika. Katika hali hiyo mtu huweza kuziona kurasa mbili za ripoti ya kurasa mia mbili bila ya kuletewa zote. Lakini hata hapo, kile alichokiona amekwisha kuletewa. Hajakiona kikiwa kule kule kilikotoka.

Iko hali ya pili iliyo tofauti zaidi. Mafaili ya Word, kwa mfano, kivinjari chenyewe hakiwezi kuyaonyesha. Mtu akiyafungua kutoka katika barua pepe yake, huduma husika huyafasiri katika seva zake na kumletea sura ya kurasa tu. Hapa msomaji kweli hajaletewa faili. Hata hivyo nakala ipo, isipokuwa imefanywa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, pengine nje ya nchi, nayo kampuni yenye kompyuta hiyo ndiyo ijuayo itadumu kwa muda gani. Nakala haikukosekana, imehamia upande wa pili.

4. Kompyuta ya watu wengi

Mambo haya yangekuwa madogo kama kila msomaji angekuwa na kompyuta yake. Mtaani si hivyo. Watu wengi hufanya shughuli zao katika saiba, yaani chumba cha biashara chenye kompyuta chache, mashine ya kuchapisha na mhudumu. Mteja hulipia muda au huduma, kisha huondoka, na mwingine huketi katika kiti kilekile.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekuja kuangalia kama cheti chake cha tabia njema kimekuwa tayari. Anaingia katika akaunti yake, anakifungua cheti, anasoma jina lake na nambari ya kitambulisho, anaridhika, kisha anafunga dirisha na kuondoka. Kwa maoni yake hakuacha kitu, kwa sababu "aliona tu". Kwa hakika huenda ameacha vitu vinne. Kwanza, historia ya kivinjari inayo anwani ya ukurasa alioufungua. Pili, hifadhi ya muda huenda ingali na nakala ya cheti chenyewe. Tatu, kama hakutoka katika akaunti yake bali alifunga dirisha tu, huenda akaunti ingali wazi kwa atakayeufungua ukurasa huo baada yake. Nne, kama seva ilikiagiza cheti kiwekwe kando, kipo katika folda ya vipakuliwa, kati ya vyeti na barua za maombi ya kazi za wageni wengine waliotangulia.

Vivinjari vina dirisha la faragha, ambalo likifungwa hufuta historia na hifadhi ya muda ya kipindi kile. Hiki ni chombo chema, nacho chastahili kufundishwa. Lakini dirisha la faragha halifuti faili lililokwisha kuwekwa katika folda. Watu wengi hawalijui hili, na jina lenyewe huchangia kuwapumbaza, maana neno faragha laahidi zaidi ya yale dirisha liwezayo kutimiza.

Kuna desturi nyingine ambayo haihusu kivinjari moja kwa moja, lakini huzaliwa na ugumu uleule. Mteja akitaka hati yake ichapishwe, na akiona tabu kuingia katika akaunti yake kwenye kompyuta ya saiba, humpelekea mhudumu hati hiyo kwa WhatsApp au kwa barua pepe. Karatasi hutoka, mteja hulipa, na nakala hubaki kwa mhudumu. Wahudumu wengi ni watu waaminifu, na wengine hufuta mafaili kila jioni kwa hiari yao. Ila usiri wa raia haupasi kutegemea tabia njema ya mtu mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, imeweka wajibu kwa kila anayeshika habari za watu wengine. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye hajui kwamba ameacha kitu nyuma yake.

5. Simu ya mkononi

Wakazi wengi zaidi husoma hati kwa simu, na hapa tofauti ya kuona na kupakua huzidi kuchanganya. Katika simu za iPhone, kivinjari cha Safari huionyesha PDF ndani yake. Katika simu za Android, ambazo ndizo zilizoenea zaidi, Chrome kwa miaka mingi haikuwa na kisomaji cha ndani: iliipakua hati kwanza, ikaiweka katika folda, kisha ikaiachia programu nyingine kuifungua. Uwezo wa kuionyesha ndani yake umekuja miaka ya karibuni tu, na si katika simu zote. Kwa hiyo watu wawili waketio kwenye benchi moja wanaweza kubonyeza kiungo kimoja. Mmoja akaiona hati, mwingine akaipakua, na kila mmoja akadhani kwamba mwenzake amebonyeza vibaya.

Matokeo yake huonekana katika simu yenyewe. Mtu aliyefungua tangazo moja mara nne huwa na mafaili manne yenye jina moja, yakitofautishwa na nambari ndogo tu mwishoni. Hifadhi ya simu hujaa. Aidha, kama kila mara hati iliombwa upya kutoka kwa seva, ile hati ya megabaiti 5 imemla bando la megabaiti 20, ingawa aliyoyasoma ni yaleyale. Kwa mtu anunuaye bando la siku kwa shilingi chache, hesabu hii si ndogo. Mtu huyo angeambiwa mapema kwamba nakala anayo tayari ndani ya simu, angeifungua humo bila kulipa tena.

6. Hati na ukweli wake

Tumesema awali kwamba hati katika kivinjari haina mkono wala karatasi. Jambo hili si la falsafa tu. Limewahi kufika mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya.

Katika uchaguzi wa Kenya, matokeo ya kura ya urais katika kila kituo hujazwa katika Fomu 34A. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais wa mwezi Agosti mwaka huo, na kasoro katika upelekaji wa matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu zake kuu. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka picha za Fomu 34A katika tovuti iliyokuwa wazi kwa umma. Vituo vilikuwa 46,229. Mkazi wa Shauri Moyo aliweza kuichagua Kaunti ya Nairobi, kisha Eneo Bunge la Kamukunji, na kuendelea hivyo mpaka kituo alichopigia kura mwenyewe, akaifungua fomu na kuzisoma tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu na msimamizi. Vyombo vya habari na raia wa kawaida waliketi wakijumlisha. Ni nadra kwa hati za serikali kusomwa na watu wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Hata hivyo swali la msingi lilibaki: picha ionekanayo ndani ya kivinjari ni fomu yenyewe? Walalamishi waliokwenda mahakamani walidai kwamba baadhi ya fomu zilibadilishwa kabla ya kuwekwa katika tovuti. Dai la namna hii haliwezi kujibiwa kwa kukikodolea macho kiwambo, kwa sababu kiwambo huonyesha kwa uaminifu kile kilicholetwa, kiwe kweli au uongo. Ilibidi mahakama iamuru ukaguzi, na fomu za tovuti zilinganishwe na fomu za karatasi. Katika uamuzi wake wa tarehe 5 Septemba 2022 mahakama ilisema kwamba tofauti za maana hazikuonekana kati ya fomu hizo, ikayathibitisha matokeo. Kwa kadiri tunayohusika nayo hapa, somo ni moja: nakala ilimwezesha kila mtu kusoma, lakini ni ulinganishaji na asili uliothibitisha.

Somo hilohilo lahusu vyeti vya kawaida. Mwajiri akionyeshwa cheti katika kivinjari cha simu, ameona sura ya cheti. PDF yaweza kutiwa sahihi ya kidijitali, lakini vivinjari vingi huionyesha alama ya sahihi hiyo bila ya kuihakiki. Njia iliyo salama ni kuirudia asili, yaani kuihakiki hati katika tovuti rasmi ya idara iliyoitoa, pale idara hiyo inapotoa huduma ya namna hiyo.

Wataalamu wa lugha nao wana fungu lao katika jambo hili. Chuo cha SOAS mjini London kimeweka mtandaoni picha za miswada ya kale ya Kiswahili, ambayo zamani ilimlazimu mtafiti kusafiri ili kuisoma. Mwanafunzi aliyeketi Eastlands sasa aweza kuifungua ndani ya kivinjari. Ila akijaribu kutafuta neno kwa chombo cha kutafutia, huenda asipate kitu, kwa kuwa picha ya ukurasa haina herufi ndani yake. Ina madoa ya weusi na weupe tu, ambayo jicho la binadamu ndilo lisomalo herufi. Asije akahitimisha kwamba neno hilo halimo katika utenzi. Kivinjari kimemwonyesha hati, lakini hakikuisoma kwa niaba yake.

7. Mapendekezo juu ya istilahi

Kutokana na maelezo haya twaweza kutoa mapendekezo machache kwa waalimu, watafsiri na watungaji wa kamusi.

Kwanza, kitenzi pakua kibaki, maana kimekwisha kukita mizizi, nacho ni kizuri. Lakini katika kufundisha kifafanuliwe kuwa ni kuletewa nakala, wala si kuhamisha kitu. Picha ya sufuria isiachwe peke yake.

Pili, pale inapokusudiwa kuiweka hati ili idumu, tutumie kuhifadhi nakala. Maneno haya mawili hutaja wazi kile ambacho pakua hukificha: kwamba kuna nakala, na kwamba itakaa mahali fulani. Agizo la "pakua" katika programu lingekuwa na nuru zaidi lau lingesema "hifadhi nakala katika simu hii".

Tatu, kuona na kufungua zitumiwe bila ya kiambatanisho cha tu. Neno hilo dogo ndilo lenye madhara. "Naiona tu" huashiria tendo lisilo na matokeo, na tendo la namna hiyo katika kivinjari ni nadra.

Nne, kitenzi futa kifundishwe pamoja na vitenzi hivi tangu siku ya kwanza, kama vile mtoto afundishwavyo kufungua mlango na kuufunga. Mteja wa saiba ajue kusema: nifungulie, nisome, kisha tufute nakala. Na swali la kumwuliza mhudumu lisiwe "umedaunilodi?", maana jibu lake huweza kuwa la kweli na bado likapotosha. Liwe: "nakala imebaki wapi?"

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kusoma hati ndani ya kivinjari ni kuletewa nakala na kuchorewa sura yake. Kutokana na ukweli huo mmoja hutokea mambo matatu: kwamba kila usomaji una gharama ya safari, kwamba nakala huweza kubaki mahali msomaji asipopakusudia, na kwamba sura ionekanayo haithibitishi asili yake. Mambo haya hayahitaji ujuzi wa uhandisi ili kueleweka. Yanahitaji maneno yaliyo wazi.

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta kwa Kiswahili imefanywa kwa bidii kubwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, na makampuni makubwa yakafuata kwa programu zao. Hivyo maneno hayakosekani. Linalotakiwa sasa ni kuyapima kwa matumizi ya watu ambao kompyuta si yao na bando ni la kuhesabu. Fundi wa Kamukunji ajuaye kwamba cheti chake cha PIN kimeacha nakala katika kompyuta ya saiba hatahitaji kushawishiwa aifute. Ni juu yetu sisi tushughulikao na lugha kumpa neno litakalomjulisha.